Mwandani wa Kuazimwa

Jina ndilo lililotuletea jirani mlangoni na panga mkononi. Ilikuwa Mei 2020, kafyu ya saa moja imeshaingia, Ukunda kimya, kama si Ukunda ile ya tuktuk na makanga wa matatu za Likoni. Mimi na ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, tulikuwa mbele ya tivi, kontrola anayo yeye. Kwenye skrini dude moja lenye mikono kama ya vunjajungu likawa linamjia mwenzetu kwa nyuma, naye akapiga ukelele: "Nyoka! Nyoka, geuka! Nyoka!" Haikupita dakika, mlango wagongwa. Mama wa nyumba ya pili, leso amejifunga kiunoni, panga liko juu.

"Yuko wapi? Ameingilia wapi?"

Tukamwamkia, tukamwomba radhi, tukamwonyesha tivi. "Ndiye huyu, mama. Jina lake ndilo hilo." Akamtazama yule mwanamke mweusi wa kwenye skrini na bunduki yake ya rashasha, kisha akatutazama sisi wawili, watu wazima na ndevu zetu.

"Mwanamke wa watu mwamwita nyoka. Kisa nini?"

Akarudi kwake. Nimesoma maandishi mengi ya wahakiki kuhusu The Outer Worlds tangu usiku ule, na hakuna swali lililonikaa kichwani kama hilo la mama na panga lake.

Kwa asiyeijua gemu yenyewe, nitaieleza kwa ufupi. Ni kazi ya Obsidian Entertainment, kampuni ya Marekani, na ilitoka Oktoba 2019. Ni bunilizi ya kisayansi. Mbali huko angani kuna koloni linaitwa Halcyon, na sayari zake zinamilikiwa na makampuni yaliyo chini ya Bodi moja. Wewe ulikuwa umegandishwa kwenye barafu ndani ya meli iitwayo Hope, umelala miaka na miaka, mpaka mwanasayansi mmoja mtoro, Phineas Welles, anakuamsha na kukurusha chini ndani ya chombo kidogo. Kapteni aliyetumwa kukupokea, Alex Hawthorne, amesimama mahali pabaya. Chombo chako kinamwangukia, anakufa palepale. Unachukua meli yake na, ukipenda, unachukua hata jina lake. Kuanzia hapo ni safari, mazungumzo na risasi. Wapo watu sita unaoweza kuwachukua kama waandani wako, na unaposhuka melini unaruhusiwa kutoka na wawili tu.

Nasema waandani kwa makusudi. Tungeweza kusema wasaidizi, au wapambe. Lakini mwandani ni mtu wa ndani, yule unayemwambia jambo ambalo humwambii mkeo. Huku kwetu wengi husema msena, na msena pia hapatikani kwa kuajiriwa. Swali langu katika makala hii ni moja: kati ya hao sita, nani ni mwandani kweli na nani ni mfanyakazi wako tu? Kwa mtu wa Ukunda si swali la gemu peke yake. Nusu ya mji huu inaamka alfajiri kwenda kuwa rafiki wa mtu kwa mshahara.

Diani iko kilomita chache tu kutoka hapa, ukishuka na barabara ya ufuoni. Kule kuna mahoteli, na mahoteli yanataka tabasamu. Kuna vijana wa ufuoni wanaoongea Kijerumani na Kitaliano walichojifunzia mchangani, marafiki wa wiki mbili, wanaokusindikiza mpaka mwambani maji yakitoka, wanaokujua jina na jina la mtoto wako, na siku ya ndege wanasimama pale mpaka gari linapinda kona. Wengine urafiki huo umekuwa wa kweli, nimeuona kwa macho yangu. Wengine ni kazi kama kazi nyingine, na anayeifanya anajua. Tatizo ni kwamba kutoka nje hutaweza kuutofautisha.

Ndugu yangu alikuwa anasafisha vyumba katika hoteli mojawapo huko, jina lake tuliache. Ndege za kimataifa zilipozuiwa Machi 2020 wageni wakaisha, na mwisho wa mwezi akapewa barua ya likizo bila malipo. Barua ilimwita "mwanafamilia mpendwa". Miaka tisa pale, hajawahi kuitwa mwanafamilia mpaka siku ya kuambiwa arudi nyumbani. Wiki iliyofuata Kwale yote ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, akahamia kwangu na begi moja. Mimi nilikuwa na pleisteshini na sidii niliyonunua mkono wa pili. Ndivyo tulivyoingia Halcyon.

Nianze na SAM, kwa sababu ndugu yangu alianza naye. SAM ni roboti la kusafisha. Unalikuta limekufa kwenye kona ya meli, mali ya marehemu Hawthorne, unalitafutia kifaa, linaamka. Jina ni kifupisho cha kazi yake ya usafi na ukarabati. Halina hadithi, halina mama, halina siri. Linachosema ni matangazo ya biashara. Katikati ya vita, watu wanakufa, lenyewe linasifu uwezo wake wa kuondoa madoa huku likimwagia adui asidi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ndugu yangu alimchukua SAM kila safari, akampa jina la meneja wake wa zamani, tukacheka zaidi.

Halafu usiku mmoja akaacha kucheka. SAM alikuwa ameanguka vitani, akainuka, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa tangazo. Ndugu yangu akaweka kontrola chini. Akaniambia kwamba mwaka 2018 alipata habari ya msiba, shangazi yetu, akiwa kazini, mlangoni mwa chumba cha mgeni. Mgeni akafungua mlango, naye akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema "Jambo! Hakuna matata!" kabla hajajua kama ameufungua. "Yakhe," akasema, "hilo dude ni mimi."

Wahakiki wengi humweka SAM mwisho wa orodha zao: hana kina, hana safari ya moyo. Sikubaliani nao. Kwa hesabu yangu SAM ndiye aliyeandikwa kwa ukatili mkubwa kuliko wote, na sina hakika kama waandishi wenyewe walikusudia. Wale wengine watano wanakueleza jinsi kampuni ilivyowaumiza. SAM hawezi kukueleza. Maneno yote aliyonayo ni ya kampuni. Ukimuuliza habari gani anakuuzia sabuni.

Sasa mweke Parvati kando yake. Parvati Holcomb ndiye wa kwanza kujiunga nawe, fundi wa mitambo katika mji wa Edgewater. Edgewater ni mji wa kiwanda cha samaki wa kopo, na kiwanda, nyumba, duka na wewe mwenyewe ni mali ya kampuni ya Spacer's Choice. Moja ya kazi za mwanzo kabisa unazopewa pale ni kuzunguka ukidai wafanyakazi ada za makaburi yao. Kaburi linakodishwa na kampuni, na unalilipia ungali hai. Mchezaji wa Ulaya anacheka hapo, naona kwenye video zao, wanasema ni kejeli iliyotiwa chumvi. Sisi tulinyamaza. Pwani ya kusini ina watu waliozikiwa babu zao mahali ambapo karatasi ya shamba ni ya mtu mwingine.

Jinsi unavyompata Parvati ndicho kitu wasichokisemea watu. Hukutani naye njiani mkaelewana. Mkuu wa mji, Reed Tobson, ndiye anayekupa. Anakuazima, kama anavyomwazima mtu toroli. Msichana amesimama pale pembeni, ana haya, anazungumza kwa kusitasita, na mdosi wake anamkabidhi kwa mgeni ambaye hajui hata katokea wapi. Kila mfanyakazi wa hoteli ambaye amewahi kuambiwa "leo utamhudumia huyu" anaijua ile hali ya mabega.

Kwa hiyo anaanza akiwa SAM. Ametolewa na kampuni, na atakwenda unakokwenda kwa sababu ameambiwa. Uzuri wa uandishi ni kwamba hakuna dakika moja kubwa ambapo anageuka. Anageuka kidogo kidogo, kwa kusema vitu visivyo na faida yoyote kwa safari yako. Anakueleza juu ya babake, aliyemfunza kazi ya mitambo na kufanya kazi mpaka akafa. Anakuuliza maswali. Anashangaa akiona nyota. Mnapofika kwenye meli kubwa iitwayo Groundbreaker anakutana na fundi mkuu wa pale, Junlei, na moyo wake unaenda. Hajui afanye nini. Anakuja kwako, wewe kapteni wake, anauliza aandike barua gani.

Hadithi yake ndefu kuliko zote ndiyo hiyo. Unazunguka sayari hadi sayari ukimtafutia chakula cha kupika, keki, na nguo ya kuvaa siku ya miadi. Watu wa nje walilalamika kwamba ni kazi ya tarishi. Ni kweli, ni utarishi. Lakini tazama nani amekuwa tarishi wa nani! Aliyeazimwa kwako kama chombo sasa anakutuma dukani. Na unaenda. Mimi nilienda, na saa sita za usiku nikajikuta nabishana na ndugu yangu kama ile nguo inamfaa. Anakueleza pia, kwa aibu, kwamba yeye si mtu wa mambo ya mwili, na kwamba walio mbele ya Junlei walimwona baridi. Anakuambia kwa sababu anahitaji mtu wa kumwambia, na wewe ndiye uliyepo. Hapo ndipo neno mwandani linapokaa sawasawa. Waandishi hawakukuruhusu wewe kumtongoza Parvati wala yeyote melini, na naona ni uamuzi bora kuliko wote walioufanya. Kama ungeweza kumtongoza, kila neno jema unalomwambia lingekuwa na bei.

Linganisha na Mass Effect, ambayo wapenzi wa aina hii ya gemu huitaja kwanza, na mimi naipenda pia. Katika ile ya pili, ya 2010, unakusanya kikosi kwa ajili ya safari ya hatari, na kila mmoja ana shida yake ya nyumbani. Ukiitatua, anakuwa mwaminifu. Usipoitatua, mwishoni kuna uwezekano mkubwa akafa, au akafa mwenzake. Garrus, Tali na Mordin wameandikwa vizuri ajabu, na Garrus anakufuata gemu tatu kuanzia 2007 hadi 2012, mpaka unahisi mmezeeka pamoja. Lakini ule mpango wenyewe una harufu ya hesabu. Unamsaidia mtu na babake kwa sababu unahitaji apige risasi vizuri. Mchezaji anajua. Wapo wachezaji wenye orodha kwenye karatasi, nani kashatatuliwa na nani bado. Haja ya Parvati haihusu vita hata kidogo. Ukiipuuza, dunia haiishi. Anabaki na upweke wake, basi.

Nisije nikaipamba mno The Outer Worlds. Ina hesabu zake. Kila mwandani anakuongezea ustadi fulani, ukitoka naye unakuwa hodari zaidi wa kufungua kufuli au kushawishi watu, na kwenye skrini inaandikwa kwa tarakimu. Kisha kuna ile batani. Ukibonyeza, wakati unasimama kidogo, kamera inamgeukia mwandani wako, anatema neno moja la kishujaa na kufanya pigo lake maalumu: Parvati na nyundo, Felix na teke la kuruka, SAM na asidi. Mara ya kwanza inapendeza. Mara ya arobaini ni kengele ya kumwita mhudumu. Ndugu yangu aliipa jina "rum savis", na kila nilipoibonyeza alikuwa anasema "Ndiyo, bwana, naja, bwana" kwa ile sauti yao ya kazini. Ilinikera kweli, mpaka nikajaribu kupigana bila kuibonyeza. Inawezekana, ila unakufa sana.

Nyoka, sasa. Nimemchelewesha kwa sababu ndivyo gemu inavyomchelewesha. Jina lake kamili ni Nyoka Ramnarim-Wentworth wa Tatu. Unamkuta Stellar Bay, mji wa sayari ya Monarch, baa, amelewa, na lazima umtafutie dawa ya kumtoa hangova kabla hajaweza kukuongoza. Ni mwindaji, anajua kila njia ya pori lile lenye wadudu wakubwa kama magari. Ana sauti nzito, ana dhihaka, hamwogopi mtu.

Jina Nyoka si geni Marekani. Mwaka 1941 ilitoka sinema ya mfululizo, Jungle Girl, yenye binti wa kizungu wa msituni aitwaye Nyoka, ikafuatwa 1942 na Perils of Nyoka. Yaani neno letu lilishatumika Hollywood kama jina la kike la porini, tena lisilo na maana yoyote, sauti tu. Miaka karibu themanini baadaye Nyoka anarudi, safari hii ni mwanamke mweusi, lakini bado yuko porini na bado ndiye anayejua njia. Mwongoza wageni, kwa lugha yetu. Nao walevi wa kwenye hadithi za aina hii, mbona kila mara ndio wenye ujuzi wa nchi?

Mchezaji asiye na Kiswahili hasikii chochote. Anayekijua, hawezi kuacha kusikia. Kumwita mtu nyoka huku si utani mdogo. Ni mtu anayekula nawe na kukuuza. Kwa hiyo sisi wawili, kwa saa nyingi, tulimwekea Nyoka shaka ambayo waandishi hawakuiandika. Tulimngoja atusaliti. Tukifika kona mbaya ndugu yangu anasema, "Ni hapa. Hapa ndipo atatuuma." Mnywaji, anataka pesa, anakuelekeza njia za peke yake: ishara zote zipo. Nadhani hakuna mhakiki wa Kiingereza aliyeicheza Monarch kwa wasiwasi tulioicheza nao sisi, kwa sababu ya silabi mbili.

Hakutusaliti. Wala hajawahi kufikiria. Shida ya Nyoka ni kinyume kabisa cha usaliti. Alikuwa na kikosi, jina lake Charon, wenzake wakafa mmoja mmoja, akabaki yeye. Anakuomba mwende mahali walipoishia ili kila mmoja apewe heshima yake na yeye apate kuwaaga. Ndiyo sababu ya pombe. Ni mtu aliyekosa kuzika.

Hapo hadithi ilitugusa mahali ambapo nadhani haikulenga. Mwaka ule wa 2020 mazishi yalikuwa ya watu wachache, haraka haraka, wengine tulizikiwa watu wetu upande wa pili wa kivuko na hatukuweza kuvuka. Nyoka anapanda milima ya Monarch kwenda kuwaaga watu waliokwisha kufa zamani, na njiani anakueleza tabia zao, nani alikuwa mzembe, nani alikuwa mkali, kwa maneno ya kawaida kama ya matangani. Ndugu yangu hakutaka kuruka hata sentensi moja. Ukifika mwisho unatambua kwamba mwanamke huyu tuliyemshuku ndiye mwaminifu kuliko wote melini, kwa sababu wengine uaminifu wao ni kwako, na wake ni kwa watu ambao hawawezi tena kumlipa chochote.

Na hata hivyo namweka chini ya Parvati. Sababu ni kwamba baada ya ile safari Nyoka hana pa kwenda. Gemu inamwacha pale, mwenye majonzi na mcheshi, anakunywa kidogo zaidi au kidogo pungufu. Parvati anakua. Nyoka anasimuliwa tu. Nasikitika kusema hivyo kwa sababu kati ya hao wawili ni yeye ninayempenda.

Wengine nitawapitia. Felix, kijana yatima wa Groundbreaker aliyefukuzwa kazi kwa kumpiga msimamizi wake, anapiga kelele za mapinduzi toka mwanzo mpaka mwisho. Anachosha, ingawa pale anapomgundua vizuri mtu aliyemfanya kiongozi wake, unamhurumia. Tuna Felix wengi stendi ya Ukunda, na wao pia ni watu wazuri. Ellie ni daktari aliyetoka nyumba ya kitajiri ya Byzantium akaenda kuwa haramia. Anarudi kwao na kukuta wazazi wamemtangaza kuwa amekufa ili wale pesa za bima. Hilo wazo pekee lingebeba riwaya. Lakini Ellie analicheka na kusonga mbele, na gemu inamruhusu.

Padre Max wa Edgewater anastahili zaidi ya aya, ila nitampa aya. Ni mtu wa dini inayofundisha kwamba kila mmoja amepangiwa mahali pake katika mpango mkubwa, fundisho linalowafaa sana wenye viwanda. Na yeye mwenyewe haliamini vizuri, ndiyo maana ametafuta kwa udi na uvumba kitabu cha wazushi kilichopigwa marufuku, cha mtu aitwaye Bakonu. Anakipata. Kimeandikwa kwa Kifaransa. Hajui Kifaransa! Katika gemu nzima hakuna kichekesho kinachonifurahisha kama hiki, na nadhani mtu aliyesomea chuo Afrika Mashariki, akitafuta habari za nchi yake mwenyewe kwenye vitabu vya lugha nne, atanielewa.

Niliicheza tena mwanzoni mwa 2025, peke yangu. Hoteli zilishafunguliwa zamani, ndugu yangu alikwisha kurudi kazini, si pale, kwingine. Desemba iliyotangulia Base Titanium ilikuwa imemaliza kuchimba madini hapa Kwale, baada ya miaka kama kumi na mmoja ya mchanga wa Maumba na Nguluku kupakiwa melini Likoni. Watu niliosoma nao walikuwa wanaulizana wafanye nini. Na kabla ya hao kulikuwa na Ramisi, kiwanda cha sukari kilichofungwa 1988. Marehemu mjomba wangu alikuwa bado anaamka na saa ya king'ora miaka ishirini baada ya king'ora kunyamaza.

Kwa hiyo nilipofika tena kwenye uamuzi wa Edgewater nilikaa muda. Unahitaji kifaa cha umeme kwa ajili ya meli yako. Ama unawakatia umeme wafanyakazi waliotoroka na kuanzisha bustani yao nje ya mji, ama unaukatia mji wa kampuni, na watu wote wa pale watalazimika kwenda kuwapigia magoti wale watoro. Mara ya kwanza, 2020, hatukusita: kata umeme wa kampuni, kampuni ife. Barua ya "mwanafamilia mpendwa" ilikuwa bado mezani.

Mara hii nilikuwa na Parvati kando yangu, na nilimsikiliza. Parvati haiwazi kampuni. Anawawaza watu anaowajua kwa majina, ambao maisha yao yote ni kile kiwanda kibovu, na ambao hakuna aliyewauliza. Anayezungumza pale si mtumishi wa Tobson tena. Ila pia si mwanamapinduzi wa Felix. Ni binti wa mji, na mji wa kampuni ni mji pia. Nadhani hii ndiyo sababu hasa ninamweka juu ya wote: ndiye mwandani pekee anayekufanya uone aibu kwa uamuzi ambao una hakika ni sahihi.

Nilimpigia ndugu yangu simu nikamweleza. Alikuwa kwenye zamu, anaongea chinichini. "Ukaamuaje?" Nikamwambia nimeokoa faili na kuzima. Akanyamaza kidogo, nasikia mashine za kufulia nyuma yake.

"SAM ushamwasha?"

"Bado."

"Muache alale kwanza," akasema, kisha nikasikia sauti yake ikibadilika, ikipanda, ikichangamka, akimwamkia mtu aliyekuwa anapita, na simu ikakatika.